Mtoto Anahamia Ujerumani na Kijerumani Hajui: Kabla ya Kuchagua Shule Angalia Umri Wake

Mzazi akishapata kazi Ujerumani kichwa kinajaa mambo ya viza, alafu nyumba, alafu ndio anakumbuka kwamba yule mtoto wa darasa la tano naye anatakiwa kusoma, na Kijerumani hajui hata salamu. Hapo ushauri unamiminika kutoka kila upande. Shangazi anasema mwache kwanza amalize Fomu Foo huku huku nyumbani. Rafiki aliyeko Dubai anasema mtafutie shule ya Kiingereza, usimtese mtoto. Jirani aliyetangulia Hamburg anasema mtie shule yoyote ya serikali, watoto wanashika lugha haraka sana, miezi sita tu utashangaa. Wote wana nia njema, ila wote wanajibu habari ya shule kabla hawajauliza mtoto ana miaka mingapi na familia inakwenda kukaa kule kwa muda gani, na kwa sisi tunaoishi huku Ujerumani tukiwaona hawa watoto wanakua, hayo maswali mawili ndiyo yanaamua karibu kila kitu.

Na hili sio jambo la watu wachache tena. Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya ajira pale Berlin Septemba 2024, Rais Ruto na Scholz, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani wakati huo, wote wapo, na ukipita Goethe-Institut ya Dar au ya Nairobi utakuta manesi na mafundi wanahangaika na kozi za Kijerumani ili waje. Wengi wao sio vijana wa chuo wasio na majukumu, ni mama na baba wenye watoto wawili watatu. Kozi inamfundisha nesi namna ya kumwambia mgonjwa ageukie ubavu, kuhusu shule ya mwanae hakuna kozi.

Nianze na ile kauli ya kwamba watoto wanashika lugha haraka, maana ndio inayopoteza watu wengi. Ni kweli wanashika, tena mtoto wa miaka saba baada ya mwaka mmoja uwanjani atakuwa anabishana kwa Kijerumani mpaka unaona raha. Lakini sisi Watanzania hatutakiwi kudanganyika na hiyo, kwa sababu kitu hiki tumekiishi wenyewe. Mtoto wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, anasoma miaka saba kila kitu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, hisabati kwa Kiswahili, alafu akiingia Fomu Wani anafungua kitabu cha baiolojia na chote ni Kiingereza. Yule aliyekuwa wa kwanza darasa la saba anakaa nyuma kimya, anakopi notsi asizozielewa, anakariri ili apite mtihani, na mwalimu anamwona mzito. Hajawa mzito, amebadilishiwa lugha. Kuna mtaalamu wa Canada anaitwa Jim Cummins ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 amekuwa akilieleza hili vizuri, kwamba lugha ya maongezi mtoto anaipata ndani ya kama miaka miwili, ila lugha ya darasani, ile ya kusoma aya ndefu ya historia na kuandika hoja yako, inachukua miaka mitano mpaka saba. Mzazi anayemsikia mwanae anachat na wenzake anadhani kazi imeisha, kumbe ndio kwanza inaanza.

Nilikaa na kijana mmoja wa kutoka Tanga, yuko darasa la saba hapa Hamburg, tukafungua kitabu chake cha hisabati. Swali linasema koti limepunguzwa bei kwa asilimia 20 na sasa linauzwa euro 60, lilikuwa bei gani mwanzo? Akasoma mara ya kwanza, mara ya pili, akaandika 48. Yaani alichukua 60 akaitoa asilimia 20, kwa sababu hakuona kwenye ile sentensi kwamba punguzo limeshafanyika tayari, vineno vidogo vya katikati vilimponza. Nikamsomea swali lile lile kwa Kiswahili na kabla sijafika mwisho akasema 75. Sasa mwalimu akisahihisha daftari anaona nini? Anaona mtoto hajui asilimia. Na Ujerumani hiyo maksi inaingia kwenye ripoti, na ripoti ndiyo inaamua mtoto aende shule ya aina gani, ndio maana nasema umri.

Elimu Ujerumani ni mambo ya majimbo, na majimbo yako 16, kila moja na sheria yake ya shule na majina yake. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu wa München habari za shule usizibebe zikakusaidie Berlin. Ila kuna mambo yanafanana kote. Shule ni lazima, kuanzia miaka sita, kwa miaka tisa au kumi kutegemea jimbo, na shule za serikali hazina ada. Kumsomesha mtoto nyumbani hairuhusiwi, kuna wazazi wa Kijerumani waliolipeleka hilo mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na mwaka 2006 malalamiko yao yakakataliwa. Nalisema hili kwa sababu wako wazazi wanaopanga mtoto akifika akae ndani mwaka mmoja kwanza ajifunze lugha kwa apu, au aendelee na masomo ya nyumbani kwa njia ya intaneti. Hiyo haipo. Ukishaandikisha makazi, mtoto anatakiwa shuleni.

Kitu cha pili kinachofanana karibu kote ni mchujo. Shule ya msingi huku, Grundschule, ni miaka minne tu, Berlin na Brandenburg ndio wana sita. Baada ya hapo, mtoto akiwa na miaka kama kumi, wanagawanywa: wengine Gymnasium, ambayo ndiyo njia iliyonyooka ya kwenda kwenye cheti cha Abitur na chuo kikuu, wengine Realschule, wengine shule za chini zaidi, na majimbo mengi sasa yana shule moja inayochanganya wote. Bavaria ni kati ya wakali zaidi, wanapiga wastani wa masomo matatu, Kijerumani, hisabati na maarifa ya mazingira, na kwa Gymnasium unatakiwa usizidi 2,33. Kumbuka huku maksi zinahesabiwa kinyume na tulivyozoea, 1 ndio bora na 6 ndio kufeli. Sasa fikiria mtoto aliyetua kutoka Morogoro akiwa darasa la tatu, miezi 18 baadaye anapimwa kwa Kijerumani na kwa masomo mengine mawili ambayo nayo yanafundishwa kwa Kijerumani. Wajerumani wenyewe wanalijua tatizo hili, matokeo ya PISA, upimaji wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, yaliyotoka Desemba 2001 yaliwashtua nchi nzima kwa kuonyesha namna hali ya nyumbani inavyombana mtoto shuleni kwao, na tangu hapo wamejitahidi ila mchujo bado upo.

Kwa mtoto chini ya miaka sita sina wasiwasi kabisa. Mpeleke Kita, ndio chekechea yao, mapema iwezekanavyo. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya nafasi kisheria, na Hamburg masaa matano kwa siku ni bure pamoja na chakula cha mchana. Shida ni nafasi, zinagombaniwa, kwa hiyo anza kuandika maombi hata kabla hujapanda ndege. Kuna mama wanasita, wanaona mtoto wa miaka mitatu akae tu na mama nyumbani ajue kwao kwanza. Naelewa, ila huyu akikosa Kita ataingia darasa la kwanza na wenzake walioimba kwa Kijerumani miaka mitatu.

Wa miaka sita mpaka nane naye aingie tu darasa la kawaida la mtaani. Hapa Hamburg darasa la kwanza na la pili wanafanya hivyo hivyo, mtoto anaingia moja kwa moja na anapewa msaada wa lugha pembeni, kuanzia darasa la tatu ndio kuna madarasa ya maandalizi. Na nimefurahi kuona kuna ushahidi: mwaka 2022 taasisi ya RWI ya Essen ilitoa utafiti uliotumia takwimu za Hamburg, ukaonyesha watoto wakimbizi wa shule ya msingi waliotengwa kwenye darasa la maandalizi walifanya vibaya baadae kuliko wale walioingizwa moja kwa moja na wenzao, na nafasi yao ya kwenda Gymnasium ilikuwa ndogo. Inaingia akilini, mtoto mdogo lugha yake anaitoa kwa watoto wenzake, ukimuweka na wageni wenzake kumi na tano atakiokota Kijerumani kutoka kwa nani? Kwa mwalimu mmoja tu.

Wenye shughuli ni wa miaka tisa mpaka kumi na tano. Hawa ndio wanaonikosesha usingizi, na hawa ndio wazazi wanawafikiria kidogo, maana wanaonekana wakubwa, wanajua kufua nguo zao, wanajua Kiingereza cha shule, basi mzazi anahangaika na yule mdogo wa miaka minne anayelia Kita. Yule wa miaka minne atanyamaza wiki ya pili. Huyu wa kumi na mbili halii, anaingia chumbani na simu.

Kwa umri huu kila jimbo lina darasa lake la kupokelea wageni: Berlin wanaita Willkommensklasse, Bavaria Deutschklasse, Baden-Württemberg Vorbereitungsklasse, Hamburg ni IVK na kwa kawaida inachukua mwaka mmoja, alafu mtoto anahamia darasa la kawaida akiwa bado anapewa saa za lugha kwa mwaka mwingine. Hapa mimi sina ugomvi na darasa la maandalizi. Mtoto wa miaka kumi na tatu ukimtupa moja kwa moja kwenye fizikia kwa Kijerumani ni yale yale ya Fomu Wani, atakopi notsi. Mwaka mmoja wa lugha tupu, na mwalimu aliyesomea kufundisha wageni, unamfaa. Tangu 2015 walipokuja Wasyria, na tena 2022 walipokuja Waukraine ambao zaidi ya 200,000 waliingia mashuleni, Wajerumani wamepata uzoefu mkubwa na kazi hii. Shida ni pale mwaka unapokuwa miaka miwili kwa sababu darasa la kawaida limejaa, au pale hilo darasa linapokaa jengo la peke yake mbali na wengine, mtoto anamaliza mwaka mzima hajacheza mpira na Mjerumani hata mmoja. Kwa hiyo mzazi siku ya kwanza uliza: darasa hili liko ndani ya shule yenyewe? Mwanangu atachanganyika na wengine kwenye somo gani, na lini? Michezo, kuogelea, muziki, hisabati, hayo anaweza kuanza nayo hata wiki ya tatu. Na kama alitoka inglishi midiamu, dai aingie somo la Kiingereza na darasa la kawaida mapema kabisa, maana hapo ndipo atakuwa juu ya wenzake na mtoto anahitaji sana hata somo moja ambalo yeye ndiye anaulizwa na wengine.

Baada ya darasa la maandalizi ndio unakuja uamuzi wenyewe, na hapa nina msimamo. Kwa mtoto aliyefika akiwa na miaka kumi mpaka kumi na nne usiikazanie Gymnasium kwa ajili ya sifa. Chagua ile shule ya mchanganyiko, Hamburg inaitwa Stadtteilschule, kwingine Gesamtschule, kwa sababu Abitur ni ile ile ila wanaipata kwa miaka 13, Gymnasium ya Hamburg ni 12. Ule mwaka mmoja wa ziada kwa mtoto aliyeanza na sifuri ni mali. Alafu Gymnasium za hapa mwisho wa darasa la sita zinaweza kumtoa mtoto aliyeshindwa kwenda sambamba, na mtoto aliyeshahamishwa nchi akihamishwa na shule tena kwa kuambiwa hawezi, hiyo inakaa moyoni miaka mingi. Nawajua watoto wa kwetu waliopitia Stadtteilschule na leo wako vyuoni, wametulia kabisa.

Sasa turudi kwa rafiki wa Dubai na shule yake ya Kiingereza. Ghuba ni kweli, huko mtoto wa mgeni kusoma shule ya Kiingereza ndio kawaida, maana mgeni mwenyewe anakaa kwa mkataba na mwisho wa siku anarudi. Ujerumani ni tofauti. Shule za kimataifa zipo, ile ya Hamburg ilianzishwa 1957 na ndio ya kwanza nchini, ni shule nzuri, lakini ada za shule kama hizi kwa kawaida zinapita euro 15,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na mshahara wa nesi hauwezi hiyo kitu kabisa. Kama mwajiri analipa na mkataba wako ni wa miaka miwili mitatu alafu mnahamia kwingine, mpeleke bila kusita, hakuna sababu ya kumvuruga mtoto kwa lugha ya miaka miwili. Ila kama mnakuja kukaa, unamnunulia mtoto utulivu wa leo kwa kumkopea shida ya kesho. Atamaliza shule anaongea Kiingereza safi, hana rafiki mtaani, na akitaka kazi ya ufundi, benki, hospitali, popote, Kijerumani kile alichokikimbia kinamsubiri mlangoni akiwa na miaka 19.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wengi hawaijui, shule za serikali za lugha mbili, hazina ada. Berlin wamebarikiwa sana kwa hili. Ipo John F. Kennedy School ya tangu 1960, ipo Nelson-Mandela-Schule ambayo inalenga zaidi familia zinazohamahama, na zipo shule zinazoitwa Staatliche Europa-Schule zilizoanza 1992 zikiwa na Kijerumani pamoja na Kiingereza, Kifaransa, Kireno na lugha nyingine. Hata ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao watoto wao wamesomea Kifaransa wana pa kwenda, kuna Französisches Gymnasium hapo Berlin, ipo tangu 1689. Nafasi ni chache na mtoto anapimwa lugha, lakini mtoto aliyesoma Nairobi au Kampala kwa Kiingereza tangu la kwanza ana nafasi ya kweli. Mtoto wa Kayumba kwa hapa hana, na inauma kusema hivyo, ila ni bora mzazi ajue mapema asipoteze miezi kwenye maombi.

Alafu kuna ushauri wa shangazi, wa kumwacha mtoto nyumbani amalize Fomu Foo. Huu ndio naupinga kwa nguvu zaidi, na sababu ya kwanza ni sheria. Mtoto akishatimiza miaka 16 na haji pamoja na wazazi bali anafuata baadaye, kwa kawaida anatakiwa aonyeshe Kijerumani cha C1, au athibitishe kwa namna nyingine kwamba ataweza kuingia kwenye maisha ya huku. Wako wanaosamehewa, kama watoto wa wenye Blue Card, kibali cha ukaazi cha wataalamu, na wa baadhi ya wataalamu wengine, lakini sio wote, kwa hiyo soma viza yako inasemaje. Levo za lugha zinaanzia A1 mpaka C2, na C1 ni ya pili kutoka juu, mama yake mwenyewe alikuja na B1 au B2. Na maombi yanatakiwa yaingie kabla hajafikisha 18. Sasa piga hesabu, mtoto wetu anamaliza Fomu Foo na miaka 17 au 18. Yaani siku anashika cheti, mlango unakuwa umefungwa au unakaribia kufungwa, na cheti chenyewe cha Fomu Foo peke yake hakimwingizi chuo kikuu cha Ujerumani. Nimeshuhudia mama analia kwa hili, alimwacha mtoto na miaka 13 kwa mapenzi, ili asimvuruge masomo, na alipokuja kumuita akaambiwa alete C1.

Sababu ya pili haiko kwenye sheria. Mtoto anayelelewa na bibi miaka minne huku mama yuko kwenye video ya WhatsApp kila Jumapili, akija hapa anamkuta mama ambaye ni mgeni na nchi ambayo ni ngeni, vyote kwa pamoja, akiwa na miaka 15. Lugha inakuwa ndio tatizo dogo kuliko yote. Kama lazima utangulie wewe, na wengi ni lazima kwa sababu ya nyumba na mkataba, jiwekee mwaka mmoja, na hati zianze kushughulikiwa kabla hujaondoka: cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule za miaka miwili ya mwisho zilizotafsiriwa, na kwa mzazi anayelea peke yake, karatasi ya malezi au ridhaa ya mzazi mwenzie, maana hiyo ridhaa inachelewesha familia nyingi kuliko kitu kingine. Na usimsubirishe eti afanye kwanza mtihani wa darasa la saba, huku wanamuweka darasa kwa umri wake, hicho cheti hakuna atakayekiuliza. Kumwacha nyumbani nakubaliana nako kwa hali moja tu, kama yuko Fomu Faivu au Siksi tayari na anafanya vizuri, huyo mwache amalize aje na njia yake kama mwanafunzi wa chuo.

Na aliyefika na miaka 16 au 17 asionekane amechelewa maisha. Hamburg wanapelekwa kwenye shule za ufundi kwa mpango unaoitwa AvM-Dual, wanasoma lugha huku wanafanya mazoezi kwenye kampuni, na kutoka hapo wanaweza kuingia Ausbildung, mafunzo ya kazi ambayo unalipwa ukiwa unajifunza. Kwetu ufundi unaonekana wa waliofeli. Huku fundi umeme mwenye cheti anaheshimika na anakula vizuri, na akitaka kupanda juu zaidi njia zipo.

Kuna jambo moja ambalo mzazi lazima awe macho nalo. Mtoto mgeni anaweza kukaa kimya darasani miezi mingi, ni kawaida, anasikiliza. Lakini wapo walimu wataanza kusema labda ana tatizo la kujifunza, apelekwe kwenye shule maalum, Förderschule. Kama mtoto ana mahitaji maalum kweli, hizo shule zina wataalam na usione aibu. Ila kama kimya chake kimeanza siku aliyoshuka ndege, usisaini karatasi siku hiyo hiyo. Dai apimwe kwa lugha yake, kwa mkalimani. Mwaka 2018 mahakama ya Köln iliamua jimbo limlipe fidia kijana ambaye alikaa shule maalum miaka mingi baada ya kupimwa akili kwa Kijerumani akiwa mdogo, wakati lugha ya kwao ilikuwa Kiromani, lugha ya jamii ya Waroma. Ameshinda kesi, sawa, lakini utoto wake umeshakwisha huko.

Na nyumbani ongeeni Kiswahili. Kuna walimu bado wanawaambia wazazi waongee Kijerumani na watoto ili wasaidike, na wazazi kwa heshima wanatii, basi nyumba nzima inaongea Kijerumani cha levo ya A2, mama hawezi kumkemea mtoto vizuri wala kumbembeleza vizuri, na mtoto anajifunza makosa ya mama. Msimulie hadithi, muulize habari za shule, mueleze mgawanyo wa mirathi au namna mvua inavyotengenezwa, vyote kwa Kiswahili kirefu chenye sentensi zilizokamilika. Mtoto anayejua kutoa hoja kwa Kiswahili ataihamisha hiyo hoja kwenye Kijerumani, asiyejua kwa lugha yoyote hana cha kuhamisha. Kijerumani chako wewe kisomee kwa ajili yako, na hasa kwa ajili ya kikao cha wazazi, maana nimeona mtoto wa miaka kumi na moja anakaa katikati ya mama na mwalimu akitafsiri malalamiko yanayomhusu yeye mwenyewe. Hiyo sio kazi ya mtoto. Omba mkalimani, Hamburg shule nyingi zinaweza kumuita ukiwaambia mapema.

La mwisho ni letu sote tulioko huku. Majimbo kadhaa, Hamburg ikiwemo, yana mtihani unaoitwa Sprachfeststellungsprüfung, mtoto aliyechelewa kuja anapimwa lugha ya kwao na ile maksi inahesabiwa badala ya lugha ya kigeni kwenye ripoti yake. Kwa mtoto aliyefika darasa la nane huku wenzake wana miaka miwili ya Kifaransa au Kilatini, huo mtihani ni ukombozi. Lakini unafanyika pale tu ambapo amepatikana mtahini wa lugha hiyo, na anatafutwa pale ambapo kuna walioomba. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010, na Kiswahili kimefundishwa katika mji huu kwa zaidi ya miaka mia moja, wenye uwezo wa kutahini hawawezi kukosekana hapa. Wenye watoto wa darasa la saba mpaka la tisa waende kwa mwalimu wa darasa mwanzoni mwa mwaka wa shule, waulize siku ya mwisho ya kuomba ni lini, na waombe kwa maandishi.